Mimba Iliyopenda Petroli

Wenzangu mimba ziliwatuma udongo na maembe mabichi. Mimi yangu ya kwanza ilinituma petroli. Si kunywa, jamani, msinifanye chizi, kunusa tu. Mume wangu alikuwa anauza mafuta ya bodaboda hapa Likunja, kwenye chupa za maji alizozipanga mezani mbele ya nyumba, na dumu kubwa tunalilaza chumbani kwetu kwa kuogopa wezi. Nikiamka asubuhi, hata uso sijanawa, naelekea kwenye dumu.

Mwanzoni mume wangu alicheka. Alipoona sili mpaka ninuse, akachana kipande cha kanga kuukuu, akakichovya petroli, akanitilia kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka niende nacho hata shambani. Palizi nzima ya ufuta nilikuwa na kikopo changu. Ukiniambia niache, nakununia siku mbili. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Lionja kunisubiri nijifungue, akanitetea: "Mwacheni! Mjamzito hanyimwi kitu, mtoto atakuja kutokwa udenda mpaka siku anaoa." Nilimpenda mama yule, acha tu.

Mimba ikiwa ya miezi sita, akaja bwana afya na makaratasi yake. Alikuwa anapita kwa wauza mafuta wote wa barabarani, akiuliza wanayaweka wapi, wanayamiminaje, kichwa kinawauma? Mume wangu akajibu vizuri, akakiri hata kwamba huwa anayavuta kwa mdomo na mpira. Bwana afya akauliza, "Yupo mwingine humu ndani anayeyagusa?" Mume wangu akasema hakuna. Mimi na mdomo wangu huu usiojua kutulia, nikadakia: "Mimi nayanusa. Kila siku." Nikamwonyesha na kikopo, tena kwa kujidai.

Yule baba aliweka kalamu chini. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alinieleza polepole kwamba petroli si kitu kimoja. Ina vitu vingi ndani yake, na vingine huongezwa kwa makusudi ili injini ifanye kazi vizuri. Zamani waliongeza madini ya risasi, wakaja kuyaondoa kwa sababu yaliharibu akili za watoto. Hayo sasa hayamo, akasema, lakini yaliyobaki nayo si ya kuvuta puani, sembuse kwa mwenye mimba, maana anachovuta mama humfikia mtoto.

"Kwa hiyo wangu ameshaharibika?" nikamuuliza.

"Sijui, mama. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya. Inategemea umevuta kiasi gani na kwa muda gani. Wewe acha leo."

Majuto ni mjukuu, lakini mimi yalinijia mtoto akiwa bado tumboni. Nililia palepale mbele ya wateja. Mama mkwe naye akalia, akisema kosa ni lake. Mume wangu alibeba dumu akalitoa nje, na kabla jua halijazama alikuwa ameshamwachia mwenzake biashara yote, meza juu yake, akarudi kwenye mikorosho. Mimi nilikaa wiki nzima naitamani ile harufu, huku najichukia kwa kuitamani.

Mtoto alizaliwa wa kiume, analia kwa nguvu, vidole vyote kamili. Nilimshukuru Mungu. Lakini wasiwasi haukuniacha: mbona amechelewa kutembea? Mbona neno hili hajalisema? Mwaka huu yuko darasa la pili. Juzi mwalimu wake alituita, akatuambia kwa upole kwamba kusoma bado hakujamwingia, wenzake wamemwacha. Watoto wengi huchelewa, alisema, na sababu ni nyingi. Mimi nilisikia moja tu.

Wakati wa kurudi nyumbani nilikaa chini kando ya njia, nikalia. Mume wangu akakaa karibu yangu.

"We mwanamke, unalia nini? Mtoto kanirithi mimi. Mimi shuleni nilikuwa mbumbumbu, kila mwaka nashika mkia."

Mume wangu nimesoma naye darasa moja kule Lionja, tangu la kwanza hadi la saba. Hakuna mwaka hata mmoja ambao hakuwa wa kwanza.

"Ni kweli," nikamwambia. "Ulikuwa mzito."