Alama ya Kisu kwenye Mguu wa Mashine

Gotthilf Rapp alichora mashine za kujaza chupa kwa miaka thelathini na moja. Katika bonde lao la Swabia, kusini mwa Ujerumani, asiyekaripiwa huhesabiwa kuwa amesifiwa, na yeye hakuwahi kukaripiwa hata siku moja. Mashine zake zilijaza spiriti na vimiminika vingine ambavyo cheche ndogo tu hutosha kuviwasha. Ndiyo maana kila moja ilikuwa na kibanio cha chuma chenye waya wa kupeleka ardhini umeme unaojikusanya kimiminika kikitiririka. Usipokibana kwenye pipa kinamotoka kimiminika, taa inabaki nyekundu, na mashine haiwaki hata uiombe kwa magoti.

"Hata mjinga haungui kwa mashine yangu," alipenda kusema wakati wa chakula cha saa tatu, mkate wa siagi mdomoni. Mdomo huponza kichwa.

Jumatatu moja akaitwa kwenye kiwanda kidogo cha spiriti ng'ambo ya mlima. Moto ulikuwa umeruka kutoka pipani na kumuunguza mikono mwanamke aliyekuwa zamu, Roswitha Zaiss. Mwenye kiwanda, Bwana Ziegler, alimpokea Rapp mlangoni na karatasi mkononi.

"Kibanio hakikuwa kwenye pipa, injinia. Kilikuwa kwenye mguu wa mashine. Mama huyu ameichezea shere mashine yako! Tia sahihi hapa, mimi nimwachishe kazi, yaishe."

Rapp akaenda hadi kwenye mashine, akainama. Kibanio kilikuwa bado pale, kimeng'ang'ania mguu. Chini yake rangi ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, upana wa kidole gumba. Aliijua alama ile. Kisu chenyewe kilikuwa mfukoni mwake.

Miaka mitatu nyuma, siku ya kukabidhi mashine, waliijaribu kwa maji kama ilivyo desturi, na maji yaliletwa kwa pipa la plastiki. Plastiki haipitishi umeme, basi taa ikagoma, kama alivyoichora igome. Wakubwa walikuwa wamesimama na vikombe vyao vya kahawa, wanatazama saa. Rapp angeweza kuagiza pipa la chuma. Badala yake alikwangua rangi ya mguu, akabana kibanio hapo, na kwa kugusa chuma tupu taa ikawa kijani, ingawa pipa halikuunganishwa. "Ni maji tu," alisema, wakacheka wote.

Sasa Roswitha alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono imefungwa bandeji hadi viwiko.

"Pole sana, Bi Zaiss."

"Nimeshapoa. Mapipa yetu yana rangi nene, bwana, kibanio hakishiki, taa nyekundu kutwa nzima. Tukafanya kama ulivyotuonyesha."

"Mimi sikuwaonyesha..."

"Nilikuwa nyuma yako na ufagio. Ule unga wa rangi uliouangusha, nani aliuzoa?"

Rapp akatupa jicho mlangoni alikobaki Ziegler, akashusha sauti. "Ziegler anajua?"

"Hajui. Siku ile hakuwepo, nami sikukutaja." Akamtazama usoni. "Nilijisemea, akiiona ile alama atajitaja mwenyewe."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Rapp, na karatasi ilikuwa imeshaandikwa jina la Roswitha kama mwenye kosa. Sahihi moja tu, angerudi nyumbani na sifa zake. Akaifikiria. Naam, aliifikiria, pumzi mbili tatu hivi, na Roswitha aliona kwamba anaifikiria. Hapo ndipo aibu ilipomshika, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akalikata jina lile, akaandika juu yake: Gotthilf Rapp.

"Una wazimu?" Ziegler akamaka alipokuja kuisoma. "Wewe hukuwepo hata!"

"Nilikuwepo," alisema Rapp. "Rangi hiyo niliikwangua mimi." Akatoa kisu mfukoni, akakiweka juu ya karatasi.

Kisha akamgeukia Roswitha, akasubiri. Roswitha alimtazama tu, mikono ile imelala mapajani. Hakumkaripia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Rapp alitamani akaripiwe.