Asubuhi Tuliyoingoja Theluji Ilainike

Jumamosi iliyopita nilishuka treni Vårby gård nikiwa na binti yangu, nikampeleka kwenye kilima nilichojifunzia kuteleza. Mvua ilikuwa inanyesha. Mteremko mzima ulikuwa umebaki utepe mmoja wa theluji iliyotengenezwa kwa mashine, kando yake nyasi za kahawia. Binti yangu aliuangalia, akaniuliza kwa Kiswidi kama kweli ni hapa. Nikamwambia ni hapa. Kaa nami kidogo, msomaji, nikueleze palivyokuwa.

Mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa na ubao mmoja. Ni ule ubao mpana unaofungwa miguu yote miwili, ukasimama ubavu kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba, kisha ukateremka. Dada aliupata kwa jirani aliyekuwa anahamia Södertälje. Buti zake zilikuwa kubwa, tukazijazia soksi za baba. Zamu zetu tulizigawana bila ugomvi mkubwa, ila siku za theluji mpya.

Watu wengi hudhani theluji ni theluji tu. Usione haya kama nawe ulidhani hivyo. Sisi tulijua kwa kuanguka kwamba iko ya namna nyingi. Na kwa kuwa hakuna aliyetupa majina yake kwa Kiswahili, mengi tuliyachukua jikoni. Theluji iliyoanguka usiku wa baridi tuliiita unga. Kwenye unga unaegemea kidogo mguu wa nyuma ili pua ya ubao isizame, na ukianguka unacheka. Siku za joto ni uji: unaukamata ubao ghafla, nawe unaendelea mbele peke yako. Ukoko ni ule wa juu mgumu, chini laini. Unadhani umebebwa, mara unatumbukia. Kioo ndicho kibaya kuliko vyote. Pale ukingo wa chuma wa ubao hauumi kitu. Kunja magoti, tulia, usigeuke kwa nguvu, na ukiweza rudi nyumbani.

Mwaka mmoja, mwezi wa kwanza, mimi sikurudi nyumbani. Niliteguka kifundo cha mkono kwenye kioo.

Mama alifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, na kila baridi aliwaona walioteleza na hawakuinuka tena vizuri. Aliuangalia mkono wangu uliofungwa bandeji, akauchukua ubao, akaufungia stoo. Mama jirani, Mkongomani wa mlango wa pili, alikuja na sahani ya maandazi kunipa pole, akaketi kunicheka.

"Mtoto ya Bujumbura na barafu, wapi na wapi, chérie? Ule ubao muupasule kuni."

"Hapa hatuna jiko la kuni," dada akamjibu.

"Basi mkaushie samaki juu yake."

Mama hakucheka. Ilichukua wiki nyingi za kuosha vyombo bila kuambiwa hadi akasema neno. Angekuja kilimani mara moja, aone kwa macho yake. "Nikiona ni mchezo wa kuvunja mifupa, ubao unatoka kwangu siku hiyohiyo."

Ikawa Jumamosi moja karibu na Pasaka, siku ambayo zamu yake ilianza mchana. Alivaa makoti mawili, akabeba chupa ya chai ya tangawizi. Jua lilikuwa linawaka nami nilifurahi, mpaka nilipopiga kisigino juu ya mteremko. Kikalia ko, ko. Usiku maji ya jana yalikuwa yameganda. Kilima kizima kilikuwa kioo.

Dada aliinama, akapapasa kwa mkono. "Bado," akasema.

Mama akapuliza vidole. "Tumekuja kuteremka au kutazama mlima?"

Nilijua akiondoka bila kuona kitu, ubao umekwenda. Nilijua pia nikiteremka vile nitaanguka mbele yake, na ubao umekwenda. Wavulana wawili wa Hallunda walipita wakiparuza, mmoja akanipigia kelele kwa Kiswidi kwamba nimekuja na mlinzi. Masikio yakawaka moto. Nilifunga mguu mmoja kwenye ubao. Halafu nikaufungua.

"Mama, hii ni kioo," nikamwambia. "Jua likiipiga, juu yake itakatikakatika kama chenga za mchele. Chenga zinashika vizuri. Lakini tusubiri."

"Mpaka saa ngapi?"

"Sijui. Mpaka kisigino kizame."

Mama akaangalia saa yake, akaivuta mikono ya koti ikaifunika, akafungua chupa ya chai. Tulikunywa kwa kupokezana kifuniko. Kila mara niliinuka kupiga kisigino, nikarudi nikitikisa kichwa, naye hakuuliza tena. Baadaye sauti ikabadilika. Badala ya ko ikawa chwa, kama sukari inayokanyagwa, na kisigino kikaingia.

Nikateremka. Ubao ulishika kila nilipougeuza, ukirusha chembe zinazong'aa pembeni. Sikuanguka. Nilipopanda tena nikihema, nilimkuta mama ameinama, anakanyaga theluji kwa kisigino chake cha buti la kazini, huku na huku, akisikiliza.

"Kule kwenye kivuli bado," akaniambia. "Usipite kule."

Hivyo ndivyo nilivyojua ubao umebaki. Halafu akakimbilia basi la kazini.

Siku hizi baridi inakuja na mvua, na theluji ya mashine ninayoiona ni ya namna moja, ngumu na nyeupe, msimu mzima wa kuteleza. Binti yangu hana haja ya majina yetu. Mama tulimzika hapahapa Uswidi, udongo ukiwa laini, katika mwezi ambao zamani usingechimbika kwa jembe. Mara nyingi nafikiri juu ya asubuhi ile. Alikuwa amechoka, miguu imekufa ganzi, na zamu inamsubiri. Hata hivyo alikaa juu ya ubao wetu uliopinduliwa, akamimina chai, akaniamini.