Kashe ya Dokta Athanase

Karatasi ilibandikwa juu ya karai la kunawia, kwenye machinjio madogo ya Panda, mahali ambapo Émilienne, msaidizi wa hapo, angeiona kila alipoosha visu. Wasaidizi wasio na diploma ya udaktari wa mifugo wamshike mnyama, wampime uzito, wasafishe vyombo. Wasipige sindano, wasipasue, wasigonge muhuri wa ukaguzi kwenye nyama.

Émilienne hakuichukia karatasi. Alichukia kilichoileta. Familia moja ya kambi ya wafanyakazi iliugua baada ya kula nyama ya nguruwe, na wakubwa walipokuja kuuliza, Dokta Athanase, daktari wa mifugo wa machinjio hayo, ambaye siku hizo hakuwa amekanyaga machinjioni, alimnyooshea kidole: "Ni huyu mama aliyegonga." Kweli aligonga. Dokta mwenyewe ndiye aliyemwachia muhuri, kashe kama wanavyoiita, na kumwambia asimsumbue. Émilienne akasimamishwa kazi. Kanisani, wanawake wa kwaya yake wakawa wanamsalimia kwa mbali. Dokta hakuulizwa lolote.

Sasa amerudishwa. Asubuhi yake ya kwanza gari la Dokta likasimama getini, injini ikiunguruma, na mkono ukatoka dirishani na kashe ile ile.

"Leo tu, Mama Émilienne. Niko na reunion ya wakubwa Lubumbashi."

"Na ile karatasi, Dokta?"

"Ile ni ya kuonyesha wageni." Akacheka, akaondoa gari.

Émilienne aliingia ndani, akaitundika kashe kwenye msumari ulioshika karatasi, akaanza kuosha visu. Nguruwe waliochinjwa walikuwa wamekwisha kuning'inizwa.

"Mama, piga kashe basi!" Pitshou, muuza nyama, alipaza sauti. "Bantu banangoya ku soko."

"Soma pale juu."

"Minye nilikuya kwa nyama, hapana kwa masomo. Kashe iko kwako, Mama Sheria!"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Kashe ni ya Dokta. Mikono yangu ni ya kuosha visu, njo vile balisema. Mumuite mwenyewe."

Jua likapanda, nzi wakafika, kicheko kikakauka. Pitshou akatoa simu. "Dokta, nyama inaoza! Hapana yeye, weye! Rudia!" Simu ikapita mkono hadi mkono, kila mmoja akimfokea kwa zamu.

Gari likarudi. Dokta akaingia na tai yake shingoni.

"Unataka banifukuze kazi, Mama?"

"Hapana, Dokta. Minye njo banafukuzaka."

Dokta aliinyakua kashe, akaiinua juu ya nyama ya kwanza bila kuitazama. Mkono ukabaki hewani. Machinjio yote yalikuwa yanamwangalia. Akaishusha polepole, akaomba kisu.

Nyama ya kwanza ilipita, na ya pili. Kwenye ya mwisho alipasua ulimi, akainama. Ndani mlijaa punje nyeupe za minyoo, kama mchele.

"Hii haitoki," akasema.

Ilikuwa ya Pitshou. Pitshou akamgeukia Émilienne kwa macho makali, kana kwamba yeye ndiye aliyezipanda.

"Leo usiniangalie minye," Émilienne akamwambia, akakipokea kisu cha Dokta, akakiosha.