Waya wa Kijani Ulioshonwa

Siku sikuona tabu kuzigawa. Mume wangu alipooa mke wa pili Jambiani akaniwekea zamu, siku mbili kwangu hapa mjini, Mlandege, na siku mbili kule, nlinuna, nkavunja sahani, kisha nkazoea. Mtu huzoea. Kanga akininunulia mie doti moja, na yeye humnunulia doti moja. Sawa. Lakini meza ni yangu, nkijiambia. Meza haina zamu.

Meza yenyewe iko chumba cha chini cha nyumba yetu, dirisha linatazama uchochoroni, na juu yake mimi na mume wangu tunatengeneza taima. Zinazouzika zaidi ni za pampu. Maji ya mfereji huja kwa saa zake, na mwenye nyumba hataki kukesha akiyasubiri, wala hataki pampu izunguke kavu mpaka iungue. Basi tunamwekea taima: inawasha, inahesabu dakika zake, inazima. Ndani hamna uchawi. Mna aisii, kijidudu cheusi cha miguu minane, na mna kapasita, ambayo ni kama kopo uliloliweka chini ya mfereji unaotona. Umeme unatona humo kidogo kidogo. Kopo likijaa, kijidudu kinastuka na pampu inazima. Ukitaka muda mrefu zaidi, unaweka kopo kubwa zaidi. Usione vyaelea, vimeundwa.

Haya yote nlifundishwa na baba yangu, fundi wa redio. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mshonaji wa kofia, na baba alikua akimtazama mamake anavyopitisha sindano. Alipokuwa fundi akauhamishia mshono ule kwenye umeme. Waya wa ardhi, ambao kwake ilikuwa lazima uwe wa kijani, hakuuchomelea hivi hivi. Aliutia tundu moja la bodi, kile kibao cha vifaa, akautoa tundu la pili, akaurudisha kama mtu anayeshona kifungo, ndipo akatia risasi ya kuyeyusha. "Mtu akiuvuta," akiniambia, "anavuta mshono, havuti risasi." Alipofariki sikurithi nyumba wala shamba. Nlirithi mshono ule.

Mume wangu alipokuja kwa baba mara ya kwanza alikuwa akiuza waya kwa mita, hajui kapasita wala rizista. Mie ndiye nliyemfundisha, baada ya kuoana, mkono wake ndani ya mkono wangu, chuma cha moto kinatoa moshi na sisi tunacheka. Raha ya ndoa yetu, nkisema kweli, ilikuwa pale mezani kuliko mahali pengine popote.

Sasa siku moja karudi kutoka Jambiani na bodi imefungwa kwenye gazeti.

"Hebu itazame hii," kasema huku anavua viatu. "Taima ya mota ya kukorogea sabuni ya mwani. Inawasha, haizimi. Sabuni imekorogwa mpaka imegandia chomboni."

Nkalifungua gazeti, nkaigeuza bodi upande wa risasi. Ala! Risasi ya mume wangu naijua: mabonge matupu, kama kaimati. Hizi zilikuwa vitone vidogo vinavyong'ara, vimekaa sawasawa. Na pembeni ulikuwepo waya wa kijani. Umetiwa tundu moja, umetolewa la pili, umerudishwa.

"Nani kaifanya hii?"

"Mwenzio."

"Mwenzangu yupi?"

"Kwani unao wangapi?" Akacheka peke yake. "Nimemfundisha kidogo, ajisaidie na sabuni zake. Ana mkono mzuri, mashaallah."

Mashaallah ile ilinichoma kuliko chuma. Mie miaka yote nkimaliza bodi hunambia, "Haya, imekuwa."

"Umempa baba yangu," nkamwambia.

"Astaghfirullah! Maneno gani hayo?"

"Mshono wa baba yangu umempelekea yeye. Hukuniuliza, hukuniambia. Umeuchukua tu kama kitu cha nyumbani kwako."

Akakaa kwenye stuli yake, akaichukua ile sauti yake ya upole, sauti ya mtu aliyejipa haki kabla hajafika kwa kadhi. "Bibi, mie natakiwa niwe muadilifu. Nikupe wewe, nimnyime yeye?"

"Hiki hukunipa wewe!" Nlipiga meza mpaka rizista zikaruka. "Hiki nlikupa mie!"

Akainama kuziokota.  Huku anaokota akanieleza kwamba hoteli moja ya Kendwa imeagiza taima za taa za bustani na za pampu, nyingi, na yeye alikuwa keshafikiri nusu zifanywe hapa na nusu zifanywe Jambiani. Nusu kwa nusu, kasema, kama anakata mkate.

Ndipo nlipoona mambo yanapokwenda. Meza inaingia zamu. Nichumie mie juani, aje ale yeye kivulini? Chakula cha mchana siku hiyo nlikipakua, nkakiacha kikapoa.

"Aliyeifanya aje aitengeneze mwenyewe," nkamwambia. "Hapa. Mbele yangu."

Na sikuwa na nia njema, nisijipake mafuta. Nlitaka aje aadhirike. Nlitaka nimwone mkono ukimtetemeka, halafu nimgeukie mume wangu nimuulize: huyu ndiye fundi wako?

Akaja. Mume wetu akamfikisha mlangoni, akasema anakwenda sokoni Darajani mara moja, na akatoweka. Mwoga yule.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nkaitika kwa nusu mdomo.

Kanletea sabuni zake, zinanukia mchaichai, nzuri kweli, nkaziweka chini sakafuni. Akakaa kwenye stuli ya mume wangu bila kukaribishwa. Nkamtazama vidole: vimechanikachanika kwa kamba za mwani. Vidole vile ndivyo vilivyotia vitone vile? Nkaichukua lenzi, nkaipitia bodi nzima kutafuta kosa lake, mguu kwa mguu. Sikuliona. Na kila nlivyozidi kulikosa ndivyo nlivyozidi kuungua, maana mtu akikunyima hata kosa, utamshika wapi?

Mwisho nkaipima kapasita. Kumbe inavuja. Kopo lina tundu, halijai asilani, ndiyo maana mota ikiwaka haizimi.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kanipa yeye. Kaitoa kwenye televisheni mbovu."

Basi kosa si lake. Nlisikitika, wallahi, kwamba si lake. Nkamuuliza lile lililoniletea usingizi wa mang'amung'amu: "Na huu mshono wa waya, kakufundisha nani?"

"Yeye vilevile. Kasema ni wa kwao. Ati babaake alikuwa fundi wa redio, na bibi yake alikuwa akishona kofia."

Nkaiweka lenzi chini. 

"Babaake mume wetu," nkamwambia, "alikuwa akiuza mkaa. Redio akiisikia kwa jirani."

Akanitazama, kisha akautazama waya. "Kwa hivyo ni baba yako wewe."

"Ni baba yangu."

"Na bibi wa kofia?"

"Bibi yangu."

"Lahaula," kasema taratibu. "Na mie kila nkimaliza bodi nnamrehemu babaake. Nnamwombea Mungu amlaze pema, kwa elimu aliyotuachia. Dua zote zile zimekwenda kwa muuza mkaa?"

Sikujua nicheke au nilie. Hasira nlizokuwa nimemwekea yeye zikaondoka pale alipokaa, zikaelekea Darajani kumtafuta mwenyewe. Mume wangu hakuugawa mshono wetu tu. Kaufuta jina la baba, akaandika la kwake.

Mwenzangu akaivuta bodi kwake. Kachukua chuma, kaiyeyusha risasi, kautoa waya wa kijani, akanipa mkononi. "Nishonee wewe, dada. Nione kwa mwenyewe."

Nkamshonea, polepole, kama baba alivyonishonea mie. Akaufumua, akaushona yeye. Wake ukakaa vizuri kuliko wangu. Wivu ukanirudia pale pale, mbichi, na nkamwambia, "Haya, imekuwa."

Tukatia kapasita mpya, tukafunga balbu ya kujaribia. Ikawaka, ikakaa, ikazima yenyewe. Tulikuwa tunairudia mara nyengine mume wetu alipotokea mlangoni na mikate mkononi. Akatuona tumekaa stuli mbili, vichwa vimeinama juu ya bodi moja, akatabasamu kama mtu aliyetupatanisha kwa hekima zake.

"Alhamdulillahi," kasema. "Sasa mie nikae wapi?"

"Leo si zamu yako," akajibu mwenzangu, wala hakuinua macho.

Jibu lile nlikuwa nalo mie mdomoni, langu, limebaki kutoka tu. Kaniwahi. Mpaka leo sijamsamehe.