Mto Unaofurika Jua Likiwaka

Saa nane mchana, mjini Nyeri, Watiri Mwai anaangamiza jeshi lake kwa mara nyingine. Askari wanateremka hadi ukingoni na ngao zao, wakiswaga mbuzi waliowateka, na juu yao anga ni buluu bila wingu hata moja. Wanaingia majini. Zamu inayofuata mto unapanda ghafla na kuwazoa wote.

"Hiyo iko sawa," anamwambia Munyao, mwenzake anayeandika programu, kisha anatupa macho dirishani.

Mjini jua linawaka. Lakini upande wa magharibi, milima ya Nyandarua imefunikwa na wingu jeusi tititi. Watiri anaachilia kipanya, anachukua simu na kumpigia mama yake, Wakiuru. Simu inalia hadi inakatika. Anapiga tena, nayo inakatika tena.

Watiri, 31, ni mjaribu wa michezo ya kompyuta. Kazi yake ni kuucheza mchezo kabla haujauzwa na kuutafutia kasoro, kama mtu anayechambua maharagwe kabla ya kuyainjika. Kampuni ndogo iliyomwajiri, yenye ofisi juu ya duka la mbolea, inatengeneza mchezo wa mikakati kuhusu nyanda hizi enzi za mababu. Mchezaji hupewa mwinuko mmoja na watu wake. Alime, auze nafaka, amvamie jirani au aoe kwake. Kila mwinuko umebanwa kati ya mito miwili, na ni mito hiyo inayoamua nani ataishi.

"Watu wanafikiria hii game ni ya vita," anasema. "Hapana, ni ya mito. Mtu akiwa na askari wachache, mto ndio ukuta yake. Na akiwa na haraka, ndio kaburi yake."

Sheria iliyozua mzozo ofisini ni yake. Kivuko kinaweza kufurika hata kama alipo mchezaji hakujanyesha, mradi mvua ilinyesha mlimani zamu iliyotangulia. Watu waliopewa mchezo wauonje wamekuja juu, wanalalamika kwamba wanaonewa. Anita, mwenye kampuni, anataka sheria hiyo iondolewe kabla ya mwisho wa juma, au angalau kivuko cha hatari kiwekewe alama nyekundu.

Watiri amekataa yote mawili.

"Baba hakuwekewa alama," anasema.

Moffat Mwai alikuwa mkulima wa chai juu ya Othaya, na mto Gura ulimtenganisha na kituo cha kununulia chai. Siku moja ya Aprili, Watiri akiwa darasa la saba, kulikuwa na jua la kuanika mahindi. Moffat alikuwa akirudi na kikapu kitupu mgongoni. Alikunja suruali, akaingia kwenye kivuko cha mawe kama alivyofanya tangu ujana wake. Binti yake alikuwa amesimama ukingo wa nyumbani, akisubiri mkate aliokuwa ameahidiwa.

Mvua ilikuwa imenyesha Nyandarua, mbali na macho yao. Watiri anakumbuka kwanza ngurumo, akadhani ni lori la chai. Kisha maji ya rangi ya udongo. Kisha kikapu peke yake, kikielea.

Tangu hapo anauogopa mto, na hafichi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naye hushtuka hata akisikia tangi la maji likijaa usiku.

Na kivuko ni kile kile. Daraja la magogo lililowekwa baadaye lilisombwa. Karani wa mizani, anayepima chai kituoni, hamngoji mtu. Lori la kiwanda likishaondoka, majani yaliyobaki ni hasara. Kwa hiyo Wakiuru, mwenye miaka 64, bado huvuka Gura na kikapu chake kwa ajili ya chai inayomletea kama shilingi elfu tisa mwezi ukiwa mzuri. Watiri amemsihi aache, kwamba atamtumia pesa. Mama hataki hata kusikia. Shamba ni la marehemu, na hataliacha liwe kichaka.

Krismasi iliyopita Watiri alimwekea mama yake kompyuta mezani ili aucheze mchezo. Wakiuru hakupoteza askari hata mmoja. Kabla ya kuvuka alitazama mlima, akangoja zamu moja, akangoja ya pili. Watiri alimuuliza mbona yeye mwenyewe hangoji hivyo.

"Hao askari hawana karani," mama alimjibu, akicheka.

Saa tisa inapita. Sasa simu ya Wakiuru haipatikani kabisa. Watiri anampigia jirani yao, Kingori. Anaambiwa Gura imejaa tope na magogo, inanguruma hadi kwake. Wakiuru alionekana akiteremka na kikapu kabla ya mchana. Hajaonekana akirudi.

Watiri anakaa sakafuni, mgongo ukutani, simu mapajani. Anita anamletea chai, nayo inapoa bila kuguswa. Hakuna anayetaja alama nyekundu. Skrini inaendelea kuwaka, jeshi jipya likingoja ukingoni liamrishwe.

Karibu saa kumi na moja simu inalia. Ni nambari ngeni. Ni Wakiuru, akitumia simu ya karani wa mizani, kwa kuwa yake imetumbukia mtoni.

Anazungumza Kikuyu, sauti yake ikisikika chumba kizima. Alikuwa ameshauza chai, anasema, akawa anakimbilia nyumbani kukama ng'ombe.

"Nilikuwa nimeingiza mguu mmoja. Maji yalikuwa madogo tu. Lakini yalikuwa yamebadilika rangi kidogo, na majani mabichi yanapita juu yake, yale ya msituni. Nikautoa."

"Mguu mmoja, Maitu?" Watiri anamuuliza mama yake.

"Mmoja tu. Usilie. Nitalala huku, maji yatashuka kufika asubuhi."

Watiri analia hata hivyo. Akishapangusa uso, anarudi mezani na kumweleza Munyao anachotaka. Sheria itabaki, na alama nyekundu haitakuwapo. Lakini kabla mto haujapanda, maji yageuke rangi kidogo, na majani mabichi ya msituni yapite. Anayetazama ataona. Anita anaitikia kwa kichwa, na Munyao anaanza kuchora jani la kwanza.

Tumaini lake kubwa haliko ndani ya kompyuta. Wakulima wa mwinuko wao wametenga kiwanja cha kujengea kituo cha chai upande wa nyumbani, na wanangoja kiwanda kikubali. Siku mizani itakapowekwa hapo, mama yake hatakuwa na sababu ya kuvuka.

Kwa sasa Watiri anavaa koti. Anataka kufika Othaya kabla ya giza, ili alfajiri awe kwenye kivuko.

"Nitasimama pale pale nilisimama siku ile ya baba," anasema, akifunga zipu. "Yeye ataangalia mawe. Mimi nitaangalia mlima."