Kisogo cha Daktari

Kama umewahi kuitazama ile tamthilia ya daktari wa akili na wagonjwa wake, basi Kisogo umemwona, ila hukumjua. Ni yule anayeonekana kwa nyuma, ukingoni mwa kioo cha televisheni, sikio moja na shingo na kola ya shati, huku mgonjwa akilia mbele yake. Ulidhani ni Daktari mwenyewe. Wapi! Mwigizaji wa Daktari ni mtu mkubwa, ana shughuli zake. Akishapigwa picha za uso wake, huyoo, anaingia garini na kwenda zake. Picha za wagonjwa hupigwa baadaye, na anayekaa kwenye kiti cha Daktari ili bega lionekane ni huyu bwana wetu, ambaye Mungu alimnyima sura ya kuonyeshwa watu lakini akampa kisogo kinachofanana na cha mtu maarufu. Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelikumbuka pale studio. Walimwita Kisogo, naye akaitika.

Usiicheke kazi hiyo. Mwongozaji, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kupasua ngoma za masikio, alimpa sharti moja tu: kichwa kisitikisike. Picha zake zingeunganishwa na zile za Daktari, na kama yeye angetikisa kichwa mahali ambapo Daktari hakutikisa, mtazamaji angeona kichwa kimeruka kama cha kuku. Mwanzoni Kisogo aliharibu kila siku. Mtu anakulilia ana kwa ana, anasema mumewe kamfukuza, utaachaje kutikisa kichwa? Mwongozaji alifoka mpaka koo likamkauka. Hatimaye Kisogo akajifunza. Aliweka mikono magotini, akakaza shingo, akapumua polepole kwa tumbo, na maneno yote yakamwingia bila hata ukope kumcheza. Akajivunia, na waigizaji wakamjaza kichwa zaidi. "Mzee, wewe ndiye unayejua kusikiliza," walimwambia. "Yule mwenzako tunalia, yeye anawaza chakula." Maskini, akaamini. Akajiwekea moyoni kwamba kukaa kama jiwe ndiko kusikiliza kwenyewe.

Balaa lilianzia hapo.

Bintiye, kitinda mimba wake, alikuwa ameolewa mtaa wa jirani. Jumapili moja mchana alikuja nyumbani, mama yake akiwa ametoka. Alimkuta baba sebuleni, akavuta kiti akakaa mbele yake. "Baba, nina jambo," alisema. "Nikianza usinikatize, maana nikikatizwa sitamaliza." Kisogo akaweka mikono magotini.

Binti akasema yote. Tangu mimba yake ilipoharibika, hakuna kinachomwingia akilini. Watu wanamwambia usijali, utapata mwingine, kana kwamba amepoteza mwavuli. Mumewe si mtu mbaya, ila siku hizi anachelewa kurudi makusudi, anaogopa uso wake. Akitaka kulia anaingia jikoni, anafungua bomba maji yamwagike kwa kelele ili majirani wasisikie. Asubuhi akifumbua macho anajiuliza ameamkia nini, na jibu hana.

Kisogo alisikia kila neno. Alitamani kumvuta amkumbatie kama alipokuwa mdogo. Lakini mtoto kasema asikatizwe, na yeye alijua namna moja tu ya kumsikiliza mtu anayelia. Akakaza shingo. Alidhani anampa kilicho bora kuliko vyote alivyonavyo.

Binti alimaliza, akangoja. Akamtazama baba yake usoni, akitafuta kitu, chochote. "Hata kichwa hukutikisa, baba," akasema, akachukua mkoba wake akaondoka. Kisogo alipopata sauti, geti lilikuwa limeshafungwa. Akajiambia atampigia simu kesho. Kesho yake kulikuwa na picha za kupiga.

Kabla wiki haijaisha, mume wa binti alirudi nyumbani akamkuta sakafuni jikoni, maji ya bomba yanatiririka. Alikuwa amejaribu kujiua. Waliwahi kumfikisha hospitali, nusura afe.

Mwili ukapona. Binti akawa amelala ubavu wodini, amegeukia ukuta, hasemi na mtu. Daktari wa wodi, daktari wa kweli huyu, dada mmoja mpole mwenye macho yaliyochoka, hakuwazungusha wazazi. "Siwezi kumruhusu aende nyumbani hali hii," aliwaambia. "Asipofungua mdomo hatujui anawaza nini, na siwezi kuwaahidi kwamba hatarudia. Ongeeni naye." Mama yake aliongea, akabembeleza, akamwimbia nyimbo za utotoni. Kimya. Mumewe alilia miguuni pake kama mtoto. Kimya.

"Siku ile alikuja kwako," mkewe alimwambia Kisogo wakiwa kwenye korido. "Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu, mama watoto."

"Ndiyo hivyo." Tangu hapo wakawa wanaishi kama wapangaji wawili, salamu na basi.

Maji yakamfika Kisogo shingoni. Mtu aliyefika hapo hachagui pa kushika. Akamwendea mwigizaji wa Daktari kwenye chumba cha kupakwa poda, akamwangukia. Binti yangu anakupenda, alimwambia, tamthilia yako hakosi hata siku moja, njoo umsemeshe kidogo tu, kwako atafungua mdomo. Yule bwana aliiweka pembeni karatasi yake ya maneno. Tusimseme vibaya, hakucheka wala hakuringa.

"Mzee wangu, ukininyang'anya hii karatasi mimi sina neno," alisema. "Mwanangu mwenyewe haniongeleshi. Nilijaribu kumwambia haya ya humu ndani, ya 'nieleze unavyojisikia'. Akaniuliza, baba, kamera iko wapi?"

Kisogo akaenda kukaa kwenye kiti chake. Siku hiyo mgonjwa alikuwa mwigizaji mmoja msichana, umri wa bintiye. Taa zikawaka. Msichana akavuta pumzi, akasema, "Nimechoka, Daktari. Nimechoka, na hakuna anayeona." Kisogo akatikisa kichwa.

"Kata!" Mwongozaji akasimama. "Kisogo, umeota mapembe leo?"

Wakarudia. Msichana akasema tena kwamba amechoka, na kichwa kikatikisika tena, mara hii kwa nguvu, na mabega nayo. "Kata!" Wakarudia, ikawa yale yale. Msichana mwenyewe alianza kulia machozi ambayo hayakuandikwa popote. "Siwezi, mama," Kisogo akasema. "Nawaomba mnisamehe. Shingo imekataa." Unga ukamwagika hapo hapo. Hakuwa amefika hata mlangoni, akamwona dereva wa studio anakalishwa kwenye kile kiti na kugeuzwa kichwa kushoto, kulia. Kumbe visogo vya kufanana vimejaa mjini.

Akaenda moja kwa moja wodini. Siku zote alikuwa akisimama mlangoni kwa woga na kuwaachia wengine waongee. Mara hii alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Binti alikuwa vile vile, uso ukutani. Alichokiona Kisogo mbele yake kilikuwa sikio moja, shingo, kola ya gauni la hospitali, na nywele zilizofumuka misukoni.

Akamwita jina lake. Kichwa hakikutikisika. Akasema, "Mwanangu, nisamehe." Hakikutikisika. Akaongea habari za nyumbani, za mama yake, maneno yakamwishia mdomoni, na ile shingo imekaza tu. Hapo ndipo alipojua wanavyojisikia wanaokaa mbele ya kiti chake. Alitaka kupiga yowe. Alitaka kumshika mabega amgeuze kwa nguvu. Muuguzi akachungulia, akamwonyesha kwa kidole kwamba muda wa kutazama wagonjwa umekwisha.

Lakini kama kuna mtu duniani aliyejua kwamba kichwa kisichotikisika kinaweza kuwa kinasikia kila neno, ni yeye. Hakuinuka.

"Mama, siku ile nilikusikia," alisema, sauti inakwaruza. "Kila kitu. Ulisema watu wanakwambia utapata mwingine, kana kwamba umepoteza mwavuli. Ulisema mumeo anachelewa makusudi, anaogopa uso wako. Ulisema ukiamka hujui umeamkia nini." Machozi yakamchuruzika mpaka kwenye kola. "Ulisema ukitaka kulia unaingia bafuni, unafungua bomba..."

Akakwama.

"Jikoni," ilisema sauti kutoka ukutani, kavu, kama ya mtu aliyesahau kusema.

"Jikoni," Kisogo akasema. "Jikoni, mama. Jikoni." Na akatikisa kichwa. Alikitikisa tena na tena, mbele ya binti aliyekuwa bado amegeukia ukuta na hawezi kumwona.