Kofia ya Kapita

Siku ya kwanza ya kazi, babu yangu aliongea na kofia yake. Walikuwa wamemfanya kapita, yaani msimamizi wa shimo la dhahabu, kule Salamabila. Kila asubuhi kapita anasimama kwenye mdomo wa shimo na kuwaambia wachimbaji wapi pa kushuka, wapi miti ya kuzuia udongo imechoka. Babu alivua kofia, akaangalia ndani yake, akasema yote humo.

"Kapita," mchimbaji mmoja, Saidi, akamwambia, "kofia haichimbe. Ongea na sisi." Wote wakacheka.

Shefu wa shantie, mkubwa wake pale machimboni, akamwita pembeni. "Usipige kelele. Fanya apeli kwanza. Ita kila mutu jina lake, umuangalie, ungoje aitike. Akishaitika, masikio yake ni yako."

Babu akafanya hivyo. Saidi alikuwa anaitika, "Niko, na kofia iko." Polepole sauti ya Babu ikaanza kutoka.

Halafu asubuhi moja, baada ya mvua, aliona ufa kwenye ukuta wa shimo. Siku hiyo mwenye shimo alikuwa amekuja na wageni wenye viatu safi. Babu akaona haya. Hakufanya apeli. Akavua kofia, akasema humo ndani, "Leo pengine tungengoja."

"Pengine hailishe watoto, Kapita," Saidi akasema, akashuka.

Udongo ulimfunika kabla ya saa sita.

Kesho yake Babu alifanya apeli. Alipofika kwenye jina la Saidi akaliita, akangoja, kama alivyofundishwa. Tangu siku ile kila neno lake lilisikiwa. Walimhamishia machimbo mengine, kisha upande wa Wamaza, na mashefu wakawa wanamtumia makapita wapya wajifunze kwake. "Yule muzee iko na sauti," walisema. Hakuwaambia aliipata wapi. Anasema miaka yote ile ya kusifiwa, yeye alisikia neno moja tu: pengine.

Sasa amestaafu, tunakaa naye hapa Kasongo. Amenihadithia mimi kwa sababu Jumatatu naanza staji, mafunzo ya kazi, kwenye kituo cha afya, na kila asubuhi nitawaelezea wamama namna ya kuchemsha maji. Mimi hata darasani sauti hainitoki. Kuandika ndiyo naweza.

Leo alinisimamisha uani. "Fanya apeli."

Nikaita Mama. "Niko," akaitika toka jikoni.

Nikaita Shangazi. "Niko. Munataka nini tena?"

"Bado mumoja," Babu akasema.

Nilijua ni nani. Nikamwita Saidi, na sauti ikatoka yote, mpaka majirani wakageuka. Tukangoja. Babu alikuwa ameshika kofia mkononi, lakini hakuiangalia. Aliangalia mlango wa ua.